Majani Yaliyovuka Bahari: Historia ya Lusani na Neno kwa Wana-Igamba

Mhariri aliponiandikia kunitaka nitoe makala ya historia kwa ajili ya gazeti la mkutano wetu, nadhani alitazamia habari za machifu wa zamani, au za wamisionari, au za kile kimondo cha kilima cha Marengi kilicholitangaza jina la Mbozi duniani. Habari hizo wameziandika wengine, tena vizuri. Mimi nimechagua kuandika habari za majani.

Najua baadhi yenu mtacheka, na hasa wale niliokaa nao dawati moja. Lakini, ndugu zangu, historia si habari za wafalme na vita peke yake. Ng'ombe aliyekosa majani mwezi wa Septemba amewahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa ada, na mtoto huyo hayumo katika kitabu chochote cha historia. Mimi si bwana mifugo. Ni mtumishi wa Serikali ambaye kazi yake ya kila siku ni majalada, na somo nililolisoma Chuo Kikuu ni historia. Kwa hiyo nitaeleza jambo hili kwa njia ninayoijua: majani haya yalitoka wapi, yalipita wapi, kwa nini yalichelewa kufika kwetu, na yanatudai nini sasa.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Lusani ni mmea wa jamii ya mikunde, ndugu wa maharage na kunde. Majani yake huota matatu matatu, na maua yake aghalabu ni ya zambarau. Wengine huiita alfalfa, na wataalamu huiita Medicago sativa. Isichanganywe na lusina, ambayo ni mti wa malisho. Ama hei ni majani yaliyokatwa yangali na lishe, yakaanikwa mpaka yakakauka, yakawekwa ghalani. Majani yaliyojikaukia yenyewe porini mwezi wa Agosti si hei, kwa kuwa lishe yake imekwisha kutoweka. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala yangu.

Kutoka Uajemi hadi Uchina

Nyumbani kwa lusani ni Uajemi, ambayo leo twaiita Irani, pamoja na nchi zilizo jirani nayo mpaka Kaukazi na Uturuki. Waajemi walikuwa watu wa farasi, na farasi wa vita hawezi kukimbia kwa kula nyasi za njiani. Jina la kale la mmea huu katika lugha yao lilikuwa na maana ya chakula cha farasi. Mwandishi wa Kirumi, Pliny, aliyeishi katika karne ya 1, anasema kwamba mmea huu uliingia Ugiriki pamoja na majeshi ya mfalme Darius, mwanzoni mwa karne ya 5 kabla ya Kristo. Wagiriki waliuita majani ya Media, yaani ya nchi ya Wamedi, na ndiyo asili ya neno Medicago.

Warumi waliupokea kutoka kwa Wagiriki. Columella, aliyeandika vitabu vya kilimo katika karne hiyo hiyo ya 1, alieleza kwamba lusani ikipandwa mara moja hudumu miaka 10, hukatwa mara 4 kwa mwaka na pengine mara 6, hurutubisha shamba, na hunenepesha mnyama aliyekonda. Alikadiria kwamba kipande cha kiasi cha robo hekta hulisha farasi watatu mwaka mzima. Haya yaliandikwa karibu miaka 2,000 iliyopita, na bwana shamba wa leo angeongeza machache tu.

Upande wa mashariki, mfalme Wu wa ukoo wa Han, huko Uchina, alimtuma mjumbe wake Zhang Qian kwenda nchi za magharibi katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Habari za farasi wazuri wa bonde la Ferghana zikamfikia mfalme, naye akawataka. Mwanahistoria Sima Qian ameandika kwamba wajumbe wa Kichina waliporudi walileta pia mbegu za mizabibu na za lusani, na mfalme akaamuru zipandwe kando ya majumba yake. Yafaa kijana wa kidato cha pili aliangalie jambo hilo kwa makini: kumpata mnyama bora bila kupata chakula chake ni kazi bure, na watu wa Han walilijua hilo zamani hizo.

Oman, Hispania na Marekani

Waarabu nao waliupokea mmea huu kutoka kwa Waajemi, wakauendeleza katika nchi zao kavu kwa kilimo cha kumwagilia. Oman, nchi ambayo watu wetu wa pwani na Unguja wana udugu nayo wa miaka mingi, lusani imelimwa chini ya mitende, ikinyweshwa kwa mifereji ya kale iitwayo falaj. Mitano kati ya mifereji hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Huko huiita qatt, na isidhaniwe kuwa ndiyo miraa. Mpangilio wa mashamba yale una hekima yake: mtende juu, mlimau katikati, lusani chini, na mbuzi zizini akiletewa majani badala ya kuachiwa ayatafute.

Waarabu waliipeleka lusani Hispania, na jina alfalfa ni la Kiarabu lililopita katika vinywa vya Wahispania. Wahispania wakaivusha bahari ya Atlantiki katika karne ya 16 mpaka Amerika ya Kusini. Kutoka Chile ilifika California katika miaka ya 1850, wakati watu walipokimbilia huko kuchimba dhahabu. Dhahabu ile ilipungua upesi, lakini lusani ilibaki, ikawa msingi wa ufugaji wa ng'ombe wa maziwa katika jimbo hilo.

Kuna mkulima mmoja ambaye napenda vijana wamjue. Mwaka 1857 Mjerumani mmoja, Wendelin Grimm, alihamia jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani akiwa na mfuko mdogo wa mbegu za lusani kutoka kwao. Baridi ya huko ni kali mno, na sehemu kubwa ya mimea yake ilikufa. Hakukata tamaa. Mwaka hadi mwaka alikusanya mbegu za mimea iliyosalimika, akazipanda tena, mpaka akapata lusani iliyostahimili baridi ile. Hakuwa na shahada wala maabara. Baadaye wataalamu waliichunguza mbegu yake, nayo ikaenea kaskazini mwa Marekani kwa jina lake.

Siri ya lusani kurutubisha udongo ilifumbuliwa baadaye. Mwaka 1886 mtaalamu wa Kijerumani, Hellriegel, alithibitisha kwamba mikunde hujipatia naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vinavyokaa katika vinundu vya mizizi. Mwaka 1888 Beijerinck wa Uholanzi alifaulu kuvitenga vijidudu hivyo. Columella alikuwa ameona matokeo. Hawa walieleza sababu.

Lusani katika Afrika yetu

Afrika ya Kusini, katika wilaya ya Oudtshoorn, lusani ya kumwagilia ndiyo iliyolisha mbuni ambao manyoya yao yalipamba kofia za mabibi wa Ulaya kabla ya vita vya 1914. Nchini Kenya walowezi waliilima kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, na kando ya Ziwa Naivasha ilimwagiliwa maji ya ziwa miaka mingi kabla ya mashamba ya maua kuenea.

Kwetu Tanganyika, Wajerumani walianzisha kituo cha mifugo Mpwapwa mwaka 1905, na Waingereza wakakiendeleza. Hapo ndipo alipozalishwa ng'ombe wa aina ya Mpwapwa, aliyetambuliwa rasmi mwaka 1958. Wataalamu wa kituo hicho walijua, kama alivyojua mfalme wa Han, kwamba damu bora bila malisho bora ni hasara, kwa hiyo utafiti wa malisho ulikwenda sambamba na utafiti wa mifugo.

Si mbali na Mpwapwa kuna Kongwa, na Kongwa ina somo lake. Mwaka 1947 Waingereza walianza huko mradi mkubwa wa karanga. Waliagiza matrekta na kufyeka misitu kabla ya kuujua vyema udongo na mvua ya mahali pale. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua zikakosekana, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Baadaye Kongwa ikawa mahali pa ranchi na pa utafiti wa malisho. Ardhi iliyokataa karanga ilikubali nyasi na ng'ombe. Udongo una kauli yake, na asiyeuuliza kwanza hujibiwa baadaye kwa gharama kubwa.

Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kituo cha kilimo cha Uyole karibu na mji wa Mbeya kilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordic, kikawa mahali pa mafunzo na utafiti kwa Nyanda za Juu za Kusini, malisho yakiwemo. Baadaye ikaanza mipango ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambayo kwayo familia hupewa mtamba na baadaye hutoa ndama wa kike kwa jirani. Ng'ombe wa maziwa akaingia katika nyumba ambazo hazikupata kuwa naye.

Kwa nini ilichelewa Igamba

Sasa tuulize swali la kihistoria. Mmea uliofika Uchina kabla ya Kristo, kwa nini haukuwa zao la kawaida Igamba, wala Vwawa, wala Mlowo? Kuna watu wepesi wa kusema kwamba wazee wetu walikuwa wavivu au wajinga. Nakataa kabisa. Wazee wetu walikuwa na sababu tatu, na zote zilikuwa za akili.

Sababu ya kwanza ni ardhi. Palipokuwa na mabonde mapana yaliyobaki na unyevu mpaka Oktoba, mfugaji alimpeleka ng'ombe kwenye majani badala ya kuyaleta majani kwa ng'ombe. Hakuna sababu ya kukata, kukausha na kubeba kitu ambacho ng'ombe anaweza kukifuata kwa miguu yake minne. Zaidi ya hayo, tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 iliua mifugo mingi mno katika Afrika Mashariki, na kwa muda mrefu tatizo likawa ng'ombe wachache katika majani mengi.

Sababu ya pili ni udongo. Lusani haipendi udongo wenye asidi. Hustawi pale ambapo kipimo cha asidi, kiitwacho pH, ni 6.5 au zaidi kidogo, na ikishuka chini ya 5.5 mmea hudumaa, kwa kuwa vile vijidudu vya mizizi hushindwa kufanya kazi. Mashamba mengi ya udongo mwekundu wa nyanda zetu yana asidi, na mbolea za chumvichumvi za miaka mingi katika mahindi hazikuipunguza. Vilevile lusani haivumilii maji yanayotuama.

Sababu ya tatu ni mvua. Majani hustawi kati ya Novemba na Aprili, lakini hiyo ndiyo miezi ambayo huwezi kuyakausha. Anayekata Januari huona majani yake yakioza chini kabla ya kupata jua la siku tatu mfululizo.

Lakini sababu ya kwanza, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, imekwisha ondoka. Kahawa ilipanuka, mahindi yakapanuka, reli ya TAZARA na barabara kuu ya Tunduma vikaleta soko na watu, na vijiji vikakua. Mabonde yaliyokuwa ya wote yakagawanywa kuwa bustani. Nchi nzima imepitia hali hiyo: mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa katika bonde la Ihefu huko Usangu ili kuyaokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu, na mwaka 2010 Bunge likatunga sheria mahsusi ya maeneo ya malisho na vyakula vya mifugo. Ardhi ya wazi imefungwa, ila desturi zetu nyingi za kulisha ng'ombe bado ni za wakati ilipokuwa wazi. Ndiyo maana kila mwaka, Agosti na Septemba, mabonde huchomwa moto ili chipukizi zitoke, nasi tunageuza kuwa majivu chakula ambacho kingekatwa miezi mitatu kabla.

Nayajua haya kwa miguu yangu. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe mmoja chotara, na maziwa yake ndiyo yaliyotoa sehemu ya ada yangu. Kila kiangazi niliamka alfajiri, nikatafuta majani mabondeni, nikajitwisha mzigo, nikaufikisha zizini, kisha nikashika njia ya shule. Kadiri wiki zilivyopita ndivyo bonde lenye majani lilivyokuwa mbali zaidi na mzigo ulivyokuwa mdogo. Mwezi Septemba maziwa yalipungua hata yakabaki ya ndama tu, na mwezi huo ndio uliokuwa na mtihani wa majaribio. Mama alikuwa akisema kwamba ng'ombe na mimi tunakonda pamoja. Tangu mwaka 2016 ada ya shule za sekondari za Serikali mpaka kidato cha nne imefutwa, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini saa za alfajiri hazijafutwa. Nikipita barabarani wakati wa kiangazi bado nakutana na watoto waliovaa sare, na mzigo wa majani kichwani, na jua limekwisha kupanda.

Jinsi inavyolimwa na kuvunwa

Faida ya lusani ni mizizi yake, ambayo hushuka mita kadhaa ardhini kutafuta maji. Nyasi za kawaida zikiwa zimekauka mwezi Juni, lusani iliyotunzwa huendelea kuwa kijani. Hivyo ile shida ya mvua hutatuliwa: mavuno ya wakati wa mvua hulishwa mabichi, na mavuno ya Mei, Juni na Julai, kipupwe kinapovuma na jua likiwa la uhakika, ndiyo hufanywa hei.

Kazi huanza kwa kupima udongo. Ukionekana una asidi, chokaa ya kilimo huchanganywa na udongo miezi michache kabla ya kupanda. Shamba hulainishwa sana, kwa maana mbegu ni ndogo mno na hufukiwa sentimita 1 tu. Robo eka huhitaji kilo 1 hadi 1.5 ya mbegu. Ni vizuri mbegu ichanganywe na vijidudu vyake maalumu kabla ya kupandwa, kwa kuwa mahali ambapo lusani haijapata kulimwa huenda havimo udongoni. Palizi ya miezi ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Ikipuuzwa, magugu hushinda.

Mavuno ya kwanza huwa baada ya kiasi cha miezi 3. Wakati wa kukata ni pale maua yanapoanza kufunguka, kama ua moja katika mashina kumi. Ukikata mapema mno mizizi hudhoofika. Ukichelewa, mashina huwa miti. Hukatwa kwa mundu, na kuacha kisiki cha kimo cha vidole vinne au vitano ili lichipue tena. Hutandazwa siku ya kwanza, kisha hugeuzwa asubuhi majani yangali na umande kidogo. Jambo hili lina sababu: protini nyingi imo katika majani, si katika mashina, na majani yakikauka sana hupukutika yote chini, ukabaki na fito. Wengine huanika juu ya chanja au vitegemeo vya miti, na hivyo ni bora zaidi.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, na sijui kazi inayoufuata usemi huo neno kwa neno kama hii. Walisema pia akiba haiozi, lakini hapo hei ina sharti lake. Ikifungwa ingali mbichi huota ukungu, hupata joto, na lundo kubwa huweza hata kuwaka moto lenyewe. Shina likipindwa likavunjika bila kutoa maji, basi iko tayari. Marobota hufungwa kwa sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, kamba zikiwa zimetandikwa kwanza. Robota moja huwa na kilo 15 au zaidi. Huwekwa juu ya miti, si juu ya ardhi, na chini ya paa. Neno la tahadhari: lusani mbichi yenye umande, ng'ombe akiila nyingi kwa pupa, hujaza gesi tumboni na huweza kumwua. Hei haina hatari hiyo.

Sasa tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 hula kiasi cha kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Mabua ya mahindi, ambayo ndiyo tegemeo letu la kiangazi, yana protini ya asilimia 4 hivi. Hei nzuri ya lusani huwa na asilimia 18. Ili apate protini iliyomo katika kilo 3 za hei ya lusani, ng'ombe angepaswa kula kilo 13 na nusu za mabua, yaani zaidi ya tumbo lake linavyoweza kubeba. Hapo ndipo maziwa yanapopotelea. Kilo 3 kwa siku kwa siku 150 za kiangazi ni kilo 450, yaani marobota 30. Tukikadiria kwa tahadhari mavuno ya tani 5 kwa hekta kwa mwaka, robo eka hutoa kama kilo 500. Kwa hiyo robo eka ya lusani, pamoja na mabua ambayo tayari tunayo, yatosha kumvusha ng'ombe mmoja kiangazi. Columella aliishi bara jingine, na makadirio yake yako karibu na haya.

Tahadhari na pendekezo

Sisemi kwamba lusani ni dawa ya kila kitu. Saudi Arabia iliilima jangwani kwa maji ya ardhini mpaka ikaona maji yanakwisha, ikaamua kuacha hatua kwa hatua kilimo cha majani mabichi ya mifugo. Kampuni zake zikaenda kulima lusani Arizona na California na kuisafirisha kwa meli. Mwaka 2023 serikali ya jimbo la Arizona, baada ya wananchi kulalamikia visima vyao, ilifuta mkataba mmoja wa ukodishaji ardhi na kukataa kuhuisha mingine. Lusani hunywa sana. Atakayetaka kuimwagilia hapa kwetu hana budi kuangalia nani yuko chini yake mtoni.

Tena pale ambapo udongo utakataa, tusilazimishe kama Waingereza wa Kongwa. Iko desmodiamu, mkunde unaovumilia asidi kuliko lusani, na iko nyasi ya Rhodes, ambayo ni mwenyeji wa Afrika hii hii na hutoa hei nyingi. Ajabu ni kwamba nyasi hiyo yetu imekwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba ikalimwa sana huko, wakati lusani yao inabisha hodi kwetu. Utaratibu wa kukata mapema, kukausha na kuhifadhi ni ule ule kwa majani yote, na naona huo ndio urithi mkubwa kuliko mmea wenyewe.

Kwa hiyo natoa pendekezo mbele ya mkutano wetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na sisi sote tulioshika jembe katika shamba la shule tunakumbuka kwamba mara nyingine tulilima bila kuelezwa sababu. Naomba wanafunzi wa zamani tuchange gharama za robo eka moja ya majaribio hapa shuleni: kupima udongo Uyole, chokaa, mbegu, seng'enge na sanduku moja la marobota. Robo eka hiyo igawanywe sehemu tatu: lusani iliyotiwa chokaa, lusani isiyotiwa chokaa, na desmodiamu pamoja na nyasi ya Rhodes. Walimu wa Kilimo, Baiolojia na Hisabati waitumie kama darasa. Wanafunzi wapime mavuno kwa mizani, waandike tarehe ya kila mkato, siku za kukauka na idadi ya marobota. Hei itakayopatikana wapewe kwanza wanafunzi wale ambao nyumbani kwao wana ng'ombe na wanakata majani kabla ya kuja darasani; na mwaka unaofuata wapewe mbegu.

Huenda lusani ikashindwa katika sehemu ya pili na kufaulu katika ya kwanza. Huenda desmodiamu ikazishinda zote mbili. Lolote litakalotokea litakuwa jibu la udongo wa Igamba wenyewe, na litakuwa limeandikwa. Mwenyekiti akikubali, jambo hili liwekwe katika ajenda ya mchana, na katika mkutano ujao tusisomewe hotuba yangu mimi, bali tusomewe na kijana wa kidato cha tatu daftari la robo eka ile.